Mtwara ina mita 2,800, sasa zihesabiwe dakika

Ukitaja uwanja wa ndege kwenye baraza lolote kati ya Shangani na Mikindani, namba ya kwanza kutoka ni 2,800. Ndio urefu, kwa mita, wa barabara ya kuruka na kutua ndege ya Mtwara baada ya upanuzi. Zamani ilikuwa 2,258. Upana umetoka mita 30 ukafika 45. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mradi huo Septemba 2023, na tangu hapo swali la mjini ni moja: ndege kubwa zinakuja lini?

Swali hilo linabisha mlango usio wake. Kazi kubwa ya kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Mtwara imefanywa na ndege za pangaboi. ATR 72 iliyojaa mpaka ukomo wake inahitaji karibu mita 1,300 kuruka. Dash 8-400, ile yenye viti 76 ya ATCL, shirika la ndege la taifa, inataka karibu mita 1,400. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari, nyuzi joto 15, lami kavu. Weka joto la nyuzi 32 la mchana wa Novemba, weka na mwinuko wa uwanja wetu unaozidi kidogo mita 100: hewa inakuwa nyepesi, panga linavuta kidogo, bawa linabeba kidogo, mita zinapanda. Hata zikipanda, zile 2,258 za zamani ziliwatosha wote wawili na chenji ikabaki. Kwa ndege hizi lililo muhimu zaidi ni lami nzima. Lami ikianza kuchubuka, magurudumu yanarusha kokoto, kokoto zinakwenda kupiga panga na tumbo la ndege, na kama ni injini ya jeti inazinyonya kabisa.

Mita zilizoongezwa, basi, ni za jeti: Airbus A220-300 yenye viti 132, au Boeing 737. Kuwa nazo ni heri. Lakini jeti haidai lami peke yake, na hapa ndipo mabaraza yetu yanaponyamaza.

Chukua zimamoto. Watu wengi wanadhani kikosi cha zimamoto cha uwanja hupangwa kwa wingi wa abiria. Hupangwa kwa urefu wa ndege na unene wa mwili wake. ATR 72 ina urefu wa mita 27.2, hiyo ni daraja la 5 katika kanuni za kimataifa. Dash 8-400 ina mita 32.8, inaingia daraja la 6. A220-300 yenye mita 38.7 inabaki daraja hilohilo kwa kuponea chupuchupu, maana ukomo wake ni chini ya mita 39. Boeing 737 MAX 9 ina mita 42.2, imeshahamia daraja la 7. Tofauti ya madaraja ni maji. Kwa povu la kiwango cha kawaida, daraja la 5 linataka lita 5,400 za maji zikiwa tayari ndani ya gari, daraja la 6 lita 7,900, daraja la 7 lita 12,100. Daraja la 5 linaridhika na gari moja. La 6 na la 7 yanadai mawili. Magari hayo yawe na uwezo wa kufika mwisho wowote wa barabara ya ndege ndani ya dakika 3, na lengo linalopendekezwa ni 2. Kwa hiyo zile mita 542 tulizoongezewa ni za zimamoto pia kuzikimbilia.

Kanuni ina huruma kidogo: uwanja wenye miruko na mituo isiyofika 700 katika miezi 3 mfululizo yenye shughuli nyingi kuliko yote unaweza kushuka daraja moja, basi. Lakini gari moja likiingia gereji, daraja lote linashuka siku hiyohiyo, waongozaji ndege wanatoa taarifa, na shirika linalotaka kuleta jeti linatazama taarifa hiyo kabla ya kutazama urefu wa lami. Pampu mbovu ya gari la zimamoto inaweza kuufunga uwanja wa mita 2,800 dhidi ya ndege ambayo mita hizo zilijengwa kwa ajili yake. Jambo hili halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata, ndiyo maana halisemwi.

Tuje kwenye dakika, ambazo kwangu ndizo kipimo cha kweli.

Ndege ya pangaboi ikisimama kwenye maegesho, shirika linatarajia iondoke baada ya dakika 25 hadi 30. Ndani ya muda huo kuna kazi kumi na kitu, na nyingine haziwezi kuanza kabla ya nyingine kwisha. Kwanza vigingi vya magurudumu, kisha koni za kuizunguka ndege, ndipo mtu aisogelee. ATR 72 ina tabia yake: haina injini ndogo ya mkiani ya kuzalisha umeme ikiwa chini. Rubani huzima injini ya kushoto, huacha ya kulia ikinguruma huku panga lake limefungwa breki, ili ndani pawe na umeme na ubaridi. Abiria hushuka upande wa kushoto kupitia mlango wa nyuma. Mizigo mingi hutolewa kupitia mlango wa mbele. Kwa kuwa watu hujikusanya nyuma wakati wa kushuka na kupanda, mkia huwekewa mhimili wa chuma ili ndege isikalie makalio. Mhimili ukisahaulika na mizigo ya mbele ikatolewa haraka kuliko watu, pua inaanza kunyanyuka. Dash 8-400 imepangwa kinyume: ina injini ndogo mkiani, abiria hutumia mlango wa mbele, na mzigo mwingi uko nyuma. Kikosi kilichozoea moja kikipewa nyingine bila mazoezi, dakika 5 zimekwenda kwa kuulizana.

Baada ya mizigo kushuka, ndani panafagiliwa, viti vinakaguliwa, mikanda inakunjwa, mizigo ya kurudi inapandishwa. Wakati huo rubani msaidizi anaizunguka ndege akitazama matairi, ncha za panga, uvujaji wa mafuta na alama za ndege hai waliogongwa. Kunguru na mwewe si mzaha: majani yakiachwa marefu panya huongezeka na mwewe hufuata, jalala likisogea karibu kunguru hujaa, na ndege mmoja tu aliyeingia kwenye injini anatosha kuahirisha safari mpaka fundi atoke Dar es Salaam.

Halafu ile karatasi ya uzito na mizani. Hii ndiyo inayochelewesha kuliko vyote na abiria hawaioni. Bila karatasi hiyo kusainiwa na rubani, mlango haufungwi. Inaandikwa pale kaunta ikishafungwa: watu wazima wangapi, watoto wangapi, kilo ngapi mbele, kilo ngapi nyuma, mafuta kiasi gani. Abiria mmoja akiingia dakika ya mwisho na begi lake, hesabu inarudiwa. Abiria aliyesajili begi halafu asionekane mlangoni ni mbaya zaidi, maana begi lake lazima litafutwe tumboni na kushushwa. Pale ambapo mizigo inapakiwa moja moja kwa mikono bila makontena, kulitafuta begi moja jeusi katikati ya mabegi 50 meusi ni dakika 10 kwa urahisi. Anayekaa nje akimalizia simu yake huku jina linaitwa, anawakalisha watu 70 kwenye joto.

Na hapo hapo kwenye karatasi ndipo palipo na jibu la malalamiko yanayosikika sana msimu wa korosho: kwa nini begi langu limebaki? Piga hesabu. ATR 72 inabeba mzigo wa jumla, watu na vitu, kama tani 7 hadi 7.5 kutegemea toleo lake. Abiria 70 wakikadiriwa kilo 84 kila mmoja pamoja na kibegi cha mkononi ni kilo 5,880. Kila mmoja akitumia kilo zake zote 23 za mzigo, ongeza kilo 1,610. Jumla ni 7,490. Ndege imefika ukomo au imevuka, na hapo hujaweka boksi hata moja la mzigo wa biashara. Siku za kawaida inawezekana kwa sababu watu wengi husafiri na kilo 10 au 12. Novemba, kila anayeondoka Mtwara akiwa na korosho za kubanguliwa za zawadi, samaki mkavu na kisaga cha unga wa muhogo, wastani unapanda na kitu lazima kibaki. Haki ingekuwa kumwambia mtu pale kaunta kwamba begi lake litakuja na ndege ya kesho. Kumwacha aligundue mwenyewe akiwa amesimama mbele ya mkanda unaozunguka mtupu kule Dar ni kukosa adabu, na hakuna kanuni ya usalama inayolazimisha ukosefu huo.

Mafuta nayo yamo kwenye mizani hiyohiyo. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara kwa anga ni kama kilomita 400, safari ya saa moja hivi. ATR 72 hunywa kilo 650 hadi 700 kwa saa na matangi yake yanabeba kilo 5,000, hivyo inaweza kubeba mafuta ya kuja na kurudi bila kugusa tone hapa. Mashirika hupenda hivyo: bei ya mafuta mikoani huwa juu, na kujaza kunakula dakika. Kuna sababu ya usalama pia. Wingu zito likikaa juu ya uwanja na rubani asione taa wala lami alipofika kimo cha kuamua, ananyanyuka tena, anajaribu mara nyingine au anageuza. Mafuta ya kurudi Dar yakiwa tangini, uamuzi wake hauna presha. Kwa jeti inayotaka kuunganisha Mtwara na safari ndefu zaidi hesabu hiyo inavunjika, na hapo mafuta ya uhakika ya hapahapa Mtwara yanakuwa na maana kuliko mita 500 za lami.

Mvua zetu zina ratiba moja: zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili, tofauti na Dar yenye vuli na masika. Upepo nao unajulikana. Barabara ya ndege imelala karibu kaskazini-kusini, ndiyo maana ncha zake zimeandikwa 01 na 19. Kusi likivuma, ndege hutua ikielekea kusini, inakuja ikipita upande wa bahari na mji. Kaskazi likishika, inaingia kwa upande wa pili. Yote haya yanatabirika. Kuchelewa kwingi kunakosingiziwa hali ya hewa ya Mtwara hakujazaliwa Mtwara.

Kumezaliwa asubuhi, mahali pengine. Ndege moja ya pangaboi hupangiwa safari nne hadi sita kwa siku: inakwenda mkoa mmoja, inarudi Dar, inakwenda mwingine. Kila kituo kikila dakika 12 zaidi ya zilizopangwa, kituo cha sita kinapokea saa nzima ya deni. Mtwara ikipangwa mwisho wa mnyororo, inarithi madeni ya wote waliotangulia. Marubani nao wana ukomo wa saa za kazi. Deni likikua mno, safari ya mwisho inafutwa kisheria na hakuna wa kumlaumu mbele yako kaunta. Uwanja usio na taa unaongeza kisu kingine, maana ukanda huu jua linazama saa 12 na dakika chache jioni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndege inayotarajiwa saa 11 ikichelewa saa moja na nusu, kiwanja kisicho na taa kimeshaifunga siku.

Kwa hiyo jambo la kulidai, nadhani, ni nafasi ya kwanza asubuhi. Ndege iliyolala Mtwara na kuondoka saa 12 na nusu haina deni la mtu. Inamfikisha mfanyabiashara Dar kabla ofisi hazijafunguliwa, na ikirudi jioni inamrudisha nyumbani bila kulipia hoteli. Mgonjwa wa kliniki, wakili mwenye kesi, fundi wa visima vya gesi vya Mnazi Bay, mnunuzi wa mnada wa korosho, wote wanataka kitu hicho kimoja. Safari mbili za viti 70 zinatoa viti 140. Safari moja ya A220 inatoa 132. Idadi ni karibu sawa, lakini ya kwanza inampa msafiri chaguo na ya pili inampa kiti kizuri katikati ya mchana. Anayeomba jeti anaomba picha. Kusini tunapaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na picha: reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, karanga hazikuja, na miaka ya 1960 reli iking'olewa haikuwa imebomoka. Ilikosa mzigo.

Kuna hoja ya upande wa pili na ina uzito. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara kuu maeneo ya Somanga, Kilwa, mikoa ya Lindi na Mtwara ilibaki bila njia ya gari kwenda Dar kwa siku kadhaa. Siku kama hizo viti 70 ni vichache, na uwanja unaoweza kupokea ndege yoyote ni bima. Nakubali. Ila bima hiyo nayo inadai yale magari mawili ya zimamoto, ngazi ya kimo cha jeti, mashine ya kuipa ndege umeme ikiwa chini na watu wanaojua kuzitumia, siku ambayo hakuna muda wa kuagiza chochote.

Lindi iko pabaya zaidi katika mjadala huu. Uwanja wake wa Kikwetu uko kaskazini mwa mji, na kutoka Lindi hadi Mtwara kwa barabara ni zaidi ya kilomita 100. Kila mradi mkubwa wa gesi unapotajwa, Kikwetu nao hutajwa. Lakini abiria wa Lindi, wa Mtama, wa Masasi na Ndanda ni walewale. Wakigawanywa viwanja viwili, kila kimoja kinaweza kubaki na ndege mbili kwa wiki, na ndege ya Jumanne na Ijumaa haitumiki na mtu mwenye shughuli. Afadhali ndege moja ipite pote kwa zamu, ikigusa Lindi dakika 20 bila kuzima injini zote, kuliko kugombania kila mji uwe na yake. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, ile ya kilomita 210, kila kipande chake kinachopata lami kinaleta abiria wapya Mtwara bila kuongeza hata mita moja kwenye uwanja.

Limebaki la mzigo, na hapa nako kuna ndoto ya kuchuja. Korosho haitapanda ndege. Boeing 767-300F ya mizigo ya ATCL inabeba tani 54, sawa na magunia 675 ya kilo 80. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000. Ingehitaji safari karibu 5,800. Korosho ni ya bandari na bandari tunayo, tena yenye kina.

Vya kupanda ndege ni vile vinavyooza au vinavyokufa: kamba kochi, pweza, kaa hai wa mikokoni. Navyo haviji kwa tani 54. Vinakuja kwa boksi 8 leo na 15 kesho, na vinasafiri kwenye tumbo la ndege ileile ya pangaboi, pale kilo zinapobaki. Kila boksi liwe jepesi mtu mmoja alinyanyue, liwe la povu gumu lenye mfuniko wa kufungwa kwa gundi, na ndani pawe na pakiti za jeli zilizogandishwa. Barafu ya kawaida hukataliwa kwa sababu nzuri: inayeyuka, maji ya chumvi yanavuja, yanapenya chini ya sakafu na kula aluminiamu ya mwili wa ndege. Kaa hai huwekwa kwenye majani mabichi au gunia lenye unyevu, magando yamefungwa, boksi lina matundu. Ukimzamisha kwenye maji kidogo yaliyotuama anakosa hewa na kufa kabla ya Kilwa. Pweza agandishwe kabla, asije uwanjani na ubichi wa saa sita.

Baada ya hapo yote yanategemea boksi limekaa wapi kati ya saa lilipopimwa na saa lilipopakiwa. Kivuli, au chumba kidogo cha baridi hatua 50 kutoka maegesho, kinatosha. Bila hicho, boksi likipangwa kwenye mkokoteni saa 8 mchana na ndege ikachelewa dakika 40, lami chini yake inaunguza na jeli ndani inalainika. Kule Dar mnunuzi anafungua mfuniko, ananusa, anatoa bei mpya.